Lori Lililokataa Kuzimika

Dereva alikwisha kulisimulia jambo lile kwa askari wa doria, kwa nesi, kwa Mkuu wa Kituo na kwa yeyote aliyesogea karibu na kitanda chake, na kila mara lilitoka vilevile. Sasa alikuwa akimsimulia Inspekta.

"Nilizima ufunguo, afande. Nikauchomoa kabisa. Injini ikaendelea kunguruma."

"Ikaendelea, au ikaongeza?"

Dereva aligeuza shingo amtazame vizuri. Mguu wake wa kulia ulikuwa umening'inizwa kwenye chuma, na mkono wa kushoto umefungwa pingu kwenye ukingo wa kitanda.

"Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hivyo," alisema. "Iliongeza. Sijakanyaga mafuta hata kidogo, lakini inapiga kelele kama inataka kupasuka. Nyuma moshi mweupe, mzito, hata tela silioni kwenye kioo."

"Breki?"

"Nilizikanyaga mpaka zikanuka. Injini inasukuma, mzigo unasukuma, na mteremko ule unaujua. Zikachoka."

"Na utingo?"

Hapo dereva aligeuzia uso ukutani. Utingo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mkewe.

"Alishika kabari, lile gogo tunalowekea tairi," alisema mwishowe. "Nikamwambia kaa. Akafungua mlango akaruka. Alitaka kulisimamisha kwa mkono wake."

Inspekta alifunga kalamu. Kituoni walimwita Kupe, kwanza nyuma ya mgongo wake, halafu mbele yake baada ya kuona hachukii, maana aking'ang'ania kesi haiachii. Mkuu wa Kituo alikuwa amemwambia asubuhi ile kwamba faili limekamilika: uendeshaji wa uzembe uliosababisha kifo cha utingo. "Injini gani inakwenda bila ufunguo?" alisema. "Tukipeleka maneno hayo mahakamani watatucheka. Kesho faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka." Inspekta akaomba siku ya leo. Akapewa, kwa kuguna.

Nje, kwenye korido, mke wa dereva alikuwa amesimama na chupa ya chai na bakuli lililofunikwa kitambaa. Alikuwa amesimama hapo Inspekta alipoingia.

"Dada, huingii?"

"Anasemaje?" mwanamke aliuliza.

"Anachosema tangu mwanzo."

"Mdogo wangu nilimkabidhi mimi mwenyewe. Nilimwambia nenda na shemeji yako, atakufundisha kazi." Alihamisha bakuli mkono wa pili. "Watu wanasema mume wangu alikuwa amelewa. Wengine wanasema alisinzia. Mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka yote na sijui nimwamini nani. Nikiingia mle nitamwambia nini?"

Inspekta hakumsukuma. Alimvuta hadi kwenye benchi, akamuuliza habari za lori.

Mwanamke alizijua vizuri, maana lori lilikuwa lao wawili. Lilianza kukosa nguvu mlimani. Wakalirudisha kwa wakala aliyewauzia, wakabadilishiwa nozeli za mafuta, likarudi nyumbani na moshi ambao halikuwa nao. Wakalirudisha tena, wakaambiwa tabo, kile kifaa cha kuipa injini hewa, imekufa, wakawekewa mpya. Baada ya hapo likaanza kula oili; mumewe akawa anatembea na dumu la oili kama mtu anayesafiri na mgonjwa. Wakalirudisha tena. Safari hiyo hata boneti halikufunguliwa. Waliambiwa ni kawaida, injini inazoea kifaa kipya.

"Kwa nini hamkwenda kwa fundi mwingine?"

"Dhamana," alisema mwanamke. "Walituambia fundi wa nje akigusa hata nati moja, dhamana imekufa. Tukabaki kwao. Ungefanyaje?"

Inspekta aliondoka akamwacha palepale, bakuli likiwa magotini.

*

Karakana ya wakala ilikuwa safi kuliko hospitali. Sakafu imepakwa rangi ya kijivu, mistari ya njano ya kuonyesha wapi pa kukanyaga, na chumba cha wateja chenye vioo ambapo mtu angeweza kukaa kwenye kochi na kutazama lori lake likishughulikiwa, ila tu kwamba kochi lilielekezwa kwenye televisheni.

Meneja wa huduma alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata, na sauti ya mtu aliyezoea kutuliza watu.

"Tumesikitika sana, mama Inspekta. Lakini lile lori tulimaliza kazi yetu. Nozeli mpya, tabo mpya. Tatizo la wateja wetu ni moja." Alifungua kabati nyuma yake akatoa chupa ya kioo. Ndani yake mlikuwa na dizeli ya rangi ya chai ya maziwa, na chini yake tabaka la maji. "Hii tuliitoa kwenye tenki lake alipokuja mara ya mwisho. Wananunua mafuta ya vichochoroni. Injini ya kisasa haiwezi uchafu huu. Inaweza kufanya lolote."

"Hata kukataa kuzimika?"

"Lolote," alisema meneja.

Inspekta aliichukua chupa akaiangalia kwenye mwanga. Ilikuwa na mantiki. Dereva mwenye haraka, mafuta ya bei ya chini, injini iliyochanganyikiwa. Hata Mkuu wa Kituo angeikubali. Kama ilikuwa kweli, dereva alikuwa na lake la kujibu.

"Aliyefunga tabo ni nani?"

"Fundi wetu mkuu. Mwite Bisibisi, kila mtu anamwita hivyo."

Bisibisi aliitwa. Alistahili jina lake: mrefu, mwembamba, mabega yamepinda mbele kwa kuinamia injini miaka mingi. Alijifuta mikono kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Ulifunga tabo kwenye lile lori?"

Fundi alimtazama meneja kabla hajamtazama Inspekta. "Imeandikwa nilifunga."

"Sikuuliza kilichoandikwa."

"Nilifanya nilichopewa, afande."

Meneja akacheka kidogo. "Huyu si mtu wa maneno. Ana kazi nyingi, mama, ukimruhusu."

Inspekta alimruhusu. Chupa akaondoka nayo.

*

Mabaki ya lori yalikuwa yamevutwa hadi uwanja wa nyuma wa kituo. Kabini ilikuwa imelala juu ya magurudumu yake kama kofia iliyokaliwa, lakini injini haikuguswa sana. Lori lilipinduka upande wa pili. Mkaguzi wa magari alikuwa anamsubiri, mzee mwenye tumbo kubwa na diploma tatu ambazo hakuacha kuzitaja, na msumeno wa kukatia chuma begani.

"Anza na tenki," Inspekta alimwambia.

Walitoboa chini kabisa ya tenki, pale ambapo maji yangekaa kama yangekuwepo. Kilichotoka kilikuwa safi, cha manjano, kinang'aa. Mkaguzi alikipaka vidoleni, akakinusa, akainua chupa ya meneja kuilinganisha.

"Hivi ni vitu viwili tofauti. Hata chujio ni safi. Lori hili halijawahi kunywa uchafu ule."

Inspekta alihisi njia ile ikifungwa, na hakuisikitikia. "Basi niambie. Injini ya dizeli inaweza kwenda ufunguo umezimwa?"

"Inaweza."

"Umejibu haraka."

"Kwa sababu nimeiona mara mbili, na zote nilikimbia." Mkaguzi aliegemea bampa. "Dizeli haihitaji cheche, mama. Ipe hewa na kitu cha kuungua, inakwenda, haichagui. Sasa hii tabo," aligonga kile kifaa cha mviringo kilichokaa ubavuni mwa injini, "ni feni ya kuisukumia injini hewa. Inazungushwa na moshi upande mmoja, na katikati inalainishwa kwa oili. Sili zake, zile pete za kuziba, zikifa, oili inavuja kwenye njia ya hewa. Injini inaanza kunywa oili yake yenyewe. Kadiri inavyokunywa inazidi kukimbia, na kadiri inavyokimbia inazidi kuvuta. Ufunguo unafunga mafuta ya tenki tu. Oili haina ufunguo."

"Inazimwaje?"

"Uizibe pumzi. Usimame, ufunue, uzibe njia ya hewa. Mwambie mtu afanye hivyo kwenye mteremko na mzigo mgongoni."

Inspekta alichukua tochi akainama. Tabo iling'aa. Ilikuwa ya rangi ya fedha, mpya kabisa, katikati ya vyuma vilivyochoka, na kung'aa huko, alikokuona kwanza eneo la ajali, ndiko kulikomfanya amwamini meneja. Sasa aliitazama polepole. Rangi ilikuwa imefunika kifaa. Ilikuwa pia imefunika nati nne zilizokishikilia, na uzi wa boliti uliojitokeza, na ile nafasi nyembamba kati ya nati na chuma. Ngozi moja isiyo na mkato. Kwenye kona moja kulikuwa na mdudu mdogo amegandia ndani ya rangi, na chini yake vumbi.

"Hebu nipe spana yako."

"Niache mimi."

Mkaguzi aliweka spana kwenye nati ya kwanza na kuvuta kwa uzito wake wote. Rangi ilipasuka kwa mlio kama ganda la yai. Chini yake nati ilikuwa na kutu nyekundu.

"Ngoja," Inspekta alisema. "Wanaweza kusema walifunga kwanza, wakapaka baadaye."

"Waseme." Mkaguzi aliendelea kufungua. "Wangefunga mpya kisha wakapaka, chini ya rangi ningekuta nati safi na gasketi mpya. Tazama hii." Gasketi, kile kipande cha kuzibia kiungo, ilitoka vipande vipande, nyeusi, imeungua ikawa majivu. "Hii imekaa hapa tangu lori litoke kiwandani." Aliingiza vidole viwili ndani ya tabo akashika mhimili wa feni, akautikisa juu na chini. Ulicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akachomoa bomba la hewa linaloingia kwenye injini na kuliinamisha. Oili ilimwagika chini, nyingi, nyeusi, ikatengeneza kidimbwi mbele ya viatu vyao.

Inspekta aliinama akachovya ncha ya kalamu kwenye ile oili.

"Hawakuigusa," Inspekta alisema. "Waliipulizia rangi ikiwa palepale."

"Kwa kopo la dukani. Hata vumbi hawakufuta."

Inspekta alitia nati moja na pande la gasketi kwenye mfuko wa ushahidi. Kabla ya kuingia garini alimwita koplo na mwenzake wamfuate kwa gari la pili.

*

Meneja hakumpokea kwa mikono miwili safari hii. Alikuwa uani, karibu na geti, akimkabidhi mteja funguo. Mteja alikuwa dereva mnene mwenye kofia ya sufu, na lori lake la mchanga lilikuwa limeshapakiwa, mzigo umefunikwa turubai. Bisibisi alikuwa amesimama kando ya gurudumu la mbele.

Inspekta alimfungulia meneja mfuko wa ushahidi bila salamu.

"Hii nati imetoka kwenye tabo uliyosema ni mpya."

Meneja aliitazama. Uso wake haukubadilika, ila mkono ulipanda kunyoosha kola. "Huwa tunapaka rangi baada ya kufunga. Wateja wanapenda kitu kipendeze."

"Mnapaka juu ya kutu?"

"Kutu inaingia haraka, mama. Hewa ya siku hizi."

"Na gasketi nayo imeungua haraka?"

Meneja aligeuka taratibu kumwelekea fundi, na sauti yake ikawa ya huzuni. "Bisibisi. Tabo mpya ilitoka stoo kwa ajili ya lile lori. Uliipeleka wapi?"

Fundi alinyanyua kichwa.

"Nauliza mbele ya Inspekta," meneja aliendelea. "Kama uliiuza, sema. Tumefanya kazi pamoja muda mrefu, nitakutafutia wakili. Lakini usiniingize mimi."

Bisibisi aliikamata spana yake kwa mikono miwili. Koplo alisogea hatua moja. Kwa mtu aliyekuwa na haraka kesi ingeishia hapo: fundi aliyeficha macho asubuhi, fundi aliyejibu kwa mafumbo, fundi mwenye spana mkononi. Inspekta alikuwa amemfikiria njia nzima. Kilichomsumbua ni ile chupa ya dizeli. Mwizi wa vifaa haweki chupa kabatini kwa bosi wake.

Aliwapita wote wawili akaenda kwenye lori la mchanga, akamulika tochi ubavuni mwa injini. Tabo iling'aa rangi ya fedha. Rangi ilikuwa imepita juu ya nati bila kukatika.

"Baba, umefanyiwa nini kwenye lori hili?" alimuuliza mteja.

"Tabo mpya," alisema yule mnene. "Lilikuwa linafuka moshi, nikaliingiza na mzigo wake. Leo ndio nalichukua. Kuna shida?"

"Unakwenda nalo wapi?"

"Kuteremka bondeni. Kuna nyumba wanasubiri mchanga."

"Hakuna shida yoyote," meneja aliingilia. "Hiyo ni mpya kabisa, nimesimamia mwenyewe. Na huwezi kuifungua hapa, Inspekta. Hilo ni lori la mteja, na lina dhamana."

"Sifungui," Inspekta alisema. "Nataka tu liendeshwe. Tuliteremshe mpaka bondeni, na mzigo wake, kisha turudi. Likirudi salama nitakuomba radhi mbele ya wafanyakazi wako. Panda."

"Mimi?"

"Umesimamia mwenyewe."

Meneja alitabasamu. "Sina leseni ya magari makubwa, mama. Itakuwa kuvunja sheria mbele yako."

"Abiria hahitaji leseni. Utakaa kushoto, mimi katikati. Fundi wako anayo leseni, anajaribu malori kila siku." Alimgeukia Bisibisi. "Panda, fundi. Washa."

Fundi hakusogea.

"Washa, ondoeni aibu hii," meneja alisema, kwa sauti ambayo haikuwa tulivu tena.

"Sipandi," alisema Bisibisi.

"Unasemaje?"

"Nimesema sipandi." Aliiweka spana chini, juu ya mstari wa njano. "Lile la kwanza nilikwambia lisitoke. Nilikushika mkono ofisini kwako nikakwambia feni inacheza, sili zimekufa, hili litaua mtu. Ukaniambia pulizia rangi, litatulia. Tabo mpya zinaletwa na kampuni kwa ajili ya dhamana, na zinatoka kwa geti la nyuma kwenye gari lako. Kila mtu humu ndani anajua. Na ile chupa ya dizeli chafu," alimwambia Inspekta, "aliichanganya bosi mwenyewe, dizeli na maji ya bombani. Inakaa kabatini. Kila anayerudi kulalamika anaonyeshwa chupa ileile."

"Ana kinyongo huyu," meneja alisema. "Nilimnyima cheo."

"Kweli ulininyima," alisema fundi. "Na hilo lori sipandi."

Dereva mnene alikuwa amesikiliza yote. Alipanda kwenye kabini yake, na kwa kitambo Inspekta alidhani anataka kuwasha. Alishuka na mfuko wake wa nguo, blanketi na sufuria ndogo, akavipanga chini kimoja kimoja. Halafu alimwendea meneja, akampa funguo mkononi, na kumkunjia vidole juu yake.

"Utingo wangu ni mtoto wangu wa kumzaa," alimwambia.

Meneja alianza kusema habari za wakili. Koplo alimsaidia kuingia garini huku bado anasema. Geti la nyuma likafungwa kwa mnyororo, na malori yote yaliyokuwa uani yakazuiwa palepale mpaka mkaguzi ayapitie. Bisibisi alibaki amesimama, kama mtu aliyetua mzigo na hajui pa kuiweka mikono.

"Aliyeshika kopo la rangi ni nani?" Inspekta alimuuliza.

"Mimi."

"Na wewe utakuja, basi."

"Najua," alisema fundi. Alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi la kazi. Kisha akaingia kwenye gari la pili mwenyewe, bila kushikwa.

*

Mkuu wa Kituo alisikiliza kwenye simu mpaka mwisho. "Injini inakunywa oili yake yenyewe," alirudia, kama mtu anayeonja kitu. "Haya. Mfungue. Lakini ripoti ya mkaguzi niione mezani kabla sijaondoka." Wakati anakata simu Inspekta alimsikia akiagiza lile faili la kwanza lirudishwe ofisini kwake.

Jua lilikuwa bado juu alipofika hospitali. Mke wa dereva alikuwa kwenye benchi lilelile. Chai bila shaka ilikuwa imepoa.

Inspekta alikaa kando yake, akamweleza bila kupunguza na bila kupamba: tabo haikubadilishwa, ilipakwa rangi tu, injini ilijiendesha kwa oili, hakuna dereva ambaye angeizima kwenye mteremko ule, aliyeamuru amekamatwa. Mwanamke alisikiliza akiitazama sakafu.

"Kwa hiyo alisema kweli."

"Kila neno."

"Na mimi sikuingia."

Inspekta alielekeza kichwa kwenye mlango. Alisimama, akatoa ufunguo wa pingu, na kuusukuma mlango. Dereva aliwatazama wakiingia, kwanza Inspekta, halafu mkewe nyuma yake. Pingu ilifunguka. Alama yake ilibaki nyekundu kwenye kifundo cha mkono, na dereva hakuishughulikia hata kidogo. Alikuwa anamwangalia mkewe.

"Mama watoto," alisema. "Nilimwambia akae."

Mwanamke aliweka bakuli juu ya kabati dogo. Alivuta kiti mpaka karibu kabisa na kitanda, akakaa, akautwaa ule mkono uliotoka kwenye pingu akauweka mapajani mwake.

"Nakusikia," alisema. "Anza mwanzo. Mlipoondoka nyumbani alikuwa anaongea nini?"

Dereva alivuta pumzi. Inspekta aliufunga mlango taratibu akawaacha.